Kuishi kwa video za simu Lubumbashi: anza na muuzaji wa mjini, YouTube itafuata

Wengi wanaofungua chaneli Lubumbashi wanahesabu dola za YouTube kabla ya kupiga video ya kwanza. Basi tuzihesabu. Ili ugawiwe pato la matangazo, chaneli iwe na watu 1,000 waliojiandikisha, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hapo unapata asilimia 55 ya pato la video ndefu na 45 ya video fupi, na Google haitoi kitu mpaka salio lifike dola 100. Kabla ya hapo, salio likigusa dola 10, inakutumia namba ya uhakiki kwa barua ya posta hadi nyumbani. Barua ya posta, mpaka mtaani Katuba! Tena nchi unayoishi lazima iwe kwenye orodha ya YouTube ya nchi zinazokubaliwa. Orodha hiyo isome leo, usingoje mwaka wa kazi upite. Anayedanganya nchi anaweza kufungiwa akaunti salio likiwa ndani.

TikTok nayo inadai wafuasi 10,000, kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30 na video za zaidi ya dakika moja, na mpango wake wa kulipa uko katika nchi chache kama Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Japani. Kongo haimo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza itatoka kwa mtu wa hapa hapa anayeuza kitu: saluni, duka la simu, fundi wa viti, mama wa mgahawa. Yeye hajali wewe una watu wangapi duniani. Anataka wale wanaoweza kupanda teksi na kufika kwake.

Somo la kurudiwa

"Maisha ya Lubumbashi" si somo. Somo ni bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 juma hili kwenye soko la Kenya (komini, yaani sehemu ya mji wetu, si nchi), na sababu ya kupanda kwake: malori yamekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au Zambia imezuia mahindi yasitoke. Hiyo mtu ataitafuta kila juma, maana bukari (ugali) haina likizo. Hesabu za Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, ni somo zuri pia, ila lina msimu: mtihani ukiisha, watazamaji wanatawanyika, na lazima uwe na la kuwapa mpaka shule zifunguliwe Septemba. Kushona liputa (kitenge) hatua kwa hatua, kubadilisha breki za Toyota, kusuka nywele: yote yanafaa. Kipimo ni hiki. Kaa chini uandike vichwa 20 vya video bila kuinuka. Ukikwama kwenye cha tisa, somo ni finyu au hulijui vya kutosha.

Vichekesho vina mizizi mirefu hapa kwetu. Kundi la Mufwankolo lilichekesha Katanga kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya simu za kugusa. Lakini kibiashara ndivyo vigumu kuliko vyote. Watu wanacheka, wanasambaza, na hakuna anayekumbuka duka lililotajwa.

Sema kama unavyosema Kamalondo, Kifaransa kikiingia kiingie. Maandishi ya juu ya video yawe Kiswahili chepesi, ili wa Kolwezi, Kalemie, Goma na ndugu walio Ubelgiji wasome. Hao wa Ubelgiji, wakati wa kiangazi chao, saa yao ni sawa na ya Lubumbashi. Majira ya baridi wako nyuma kwa saa moja. Video ya saa 19:00 inawakuta wametoka kazini.

Kupiga

Picha mbaya inavumiliwa, sauti mbaya haivumiliwi. Mikro ndogo ya kubana kwenye kola, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, inafaa kuliko simu ya bei kubwa. Usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha, wala karibu na jenereta. Hakuna programu itakayosafisha kelele hiyo vizuri. Geuza uso kuelekea dirisha, usiligeuzie mgongo. Futa lenzi kabla ya kila kipande, hasa kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu likiwa kila mahali. Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya sentensi yako nzuri. Maandishi usiyaweke chini kabisa, kwani vitufe vya TikTok vitayafunika.

Umeme ukikatika, betri ya akiba ya mAh 20,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara nne kama watu wanavyodhani. Sehemu ya nguvu inapotea umeme unapobadilishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5, nyingine kama joto. Tegemea mara mbili na nusu.

Mega

Hapa, kwenye mega (data ya intaneti unayonunua), ndipo faida inapovuja. Video ya 1080p iliyotolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde inakula megabaiti 60 kila dakika, kwa sababu biti 8 ni baiti moja. Dakika tatu ni 180. Ukiipandisha kwenye TikTok, Facebook na YouTube, umemaliza 540 kwa video moja, na mtandao ukikatika kwenye asilimia 80 huenda ukaanza upya. Kwa mtu anayeongea mbele ya kamera, 720p kwa megabiti 5 inatosha: chini kidogo ya megabaiti 38 kwa dakika. Pandisha usiku sana au alfajiri mtandao ukiwa mwepesi. Mteja akitaka kuona kazi kabla haijatoka, mtumie nakala ya 480p.

Usipakue video yako kutoka TikTok ili uiweke Instagram. Ile alama ya TikTok inaifanya isukumwe kwa watu wachache. Hifadhi faili safi kutoka programu ya kuhariri. Muziki nao: wimbo wa mtu kwenye YouTube unatambuliwa wenyewe na mashine, na pato la video linaweza kwenda kwa mwenye wimbo.

WhatsApp ndiyo duka

TikTok inakuletea wapita njia. Wanaorudi unawaweka WhatsApp. Orodha ya matangazo (ujumbe mmoja unaomfikia kila mtu peke yake) inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo usiseme "niandikie". Sema: "Hifadhi namba hii, kisha niandikie neno BEI." Fungua orodha kwa mtaa au kwa haja: wa Ruashi, wa Kampemba, wafinalisti (wanafunzi wa mwaka wa mwisho). Ujumbe mara mbili kwa juma unatosha. Ukituma kila siku wataanza kukuzuia.

Kumuuzia tangazo

Usiende kwa muuzaji na idadi ya wafuasi. Nenda na picha ya takwimu za ukurasa wako wa Facebook zinazoonyesha mji: wangapi wako Lubumbashi. Bei ianze na gharama: teksi kwenda na kurudi, mega, saa za kupiga na kuhariri ukizipa thamani, halafu ndipo uongeze faida. Anayeanza kwa kuuliza "wengine wanatoza ngapi?" huishia kufanya kazi kwa hasara.

Mpe neno la kuhesabia. Kwenye video sema: "Ukifika, mwambie 'Kunguru', anapunguza bei." Muuzaji achore mstari kwenye daftari kila neno likitajwa. (Kunguru ni jina la utani la timu ya mpira ya Mazembe; mashabiki wake watalitaja hata bila kununua, chagua jingine ukiona hivyo.) Baada ya siku 14 mnahesabu mistari pamoja. Ikiwa michache, sababu mara nyingi ni moja: video haikuonyesha njia ya kufika wala bei.

Andikeni mambo manne, hata kwa WhatsApp: nusu ya malipo kabla ya kupiga, marekebisho mawili tu, siku ambazo hutamtangaza mshindani wake, na tarehe ya kulipa nusu iliyobaki. Tangazo moja kwa kila video nne au tano za kawaida. Zaidi ya hapo watu wanakukimbia. Dawa za miujiza na "uwekezaji" wa kuzidisha pesa zikatae hata wakilipa mara tatu, maana aliyeibiwa atakumbuka uso wako. Na usirushe uvumi kwa ajili ya watazamaji: Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023, inauadhibu.

Pokea kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ufuatilie dola na franka kila moja peke yake. Akikulipa dola mkononi, ikague noti mbele yake, pembe zote. Yenye mchaniko mdogo hakuna atakayeipokea sokoni.