Jifunze cherehani kwa kupinda kanga: somo la kwanza kwa anayejifunzia nyumbani

Wengi wanaojifunza kushona nyumbani huanza na gauni. Wananunua kitenge kizuri, wanakikata, na baada ya siku chache kitenge kimekuwa matambara na cherehani imefunikwa kitambaa kama haipo. Nawaomba muanze na kanga. Doti mpya hutoka dukani ikiwa kipande kimoja. Ukiikata katikati unapata kanga mbili, kila moja yenye urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa karibu mita 1.1. Kingo ndefu hazihitaji mshono, maana zimefungwa tangu kitambaa kinafumwa na hazichanguki. Zinabaki pande fupi nne, yaani kama mita 4.4 za mshono ulionyooka. Hakuna zipu, mkono wala shingo, na kazi ikiisha kanga inavaliwa hata mshono ukienda upogo kidogo.

Somo hili nimemwandikia asiye na fundi wa kukaa naye. Mtu huyo atajifunza kwa kujaribu na kukosea, na anaweza kufika mbali sana kwa njia hiyo, ila kujaribu kuna utaratibu wake: kila jaribio badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha sindano, uzi na mkazo (jinsi uzi unavyobanwa) kwa mpigo mmoja, mshono ukakaa sawa, hutajua kilichoutengeneza ni kipi. Kesho ukiharibika tena utakuwa palepale ulipokuwa.

Tayarisha doti ya kanga, nusu mita ya marikani nyeupe kwa majaribio, sindano za cherehani namba 14 (kwenye pakiti huandikwa 90/14), uzi wa rangi ya pindo la kanga yako, reli moja ya uzi mwekundu na moja ya buluu, mkasi, pini, tepu, wembe wa kufumulia, kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, na pasi. Pasi msiidharau. Nusu ya unadhifu wa mkunjo hutoka kwenye pasi.

Hatua ya 1: miguu kabla ya uzi

Toa uzi wote, juu na chini. Kama cherehani yako ni ya miguu, weka mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine kwenye kanyagio. Anzisha gurudumu kwa mkono wa kulia likija upande wako, kisha miguu ipokee. Gurudumu likirudi nyuma wakati kuna uzi, uzi hukatika au hujisokota chini, kwa hiyo zoea hili kabla ya uzi kuingia. Kanyaga, simamisha, anzisha tena, mpaka gurudumu lisikugeuke.

Baada ya hapo chukua karatasi ya daftari lenye mistari, iweke chini ya mguu wa cherehani (kile chuma kinachokandamiza kitambaa), na ushone bila uzi ukifuata mstari. Tumia sindano ya zamani, maana karatasi huifanya butu. Matundu yatakuonyesha mkono wako unavutia upande gani. Mikono isivute wala isisukume. Meno ya cherehani ndiyo yanayopeleka kitambaa, mikono inaongoza tu. Macho nayo yatazame ukingo wa mguu wa cherehani na mstari, yasigande kwenye sindano.

Hatua ya 2: sindano na uzi

Sindano ya cherehani ya nyumbani ina upande mmoja bapa kwenye shina, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka mpaka kwenye tundu. Upapase kwa ukucha utauona. Uzi huingia kwa upande wa mfereji na kutokea upande bapa. Cherehani hazifanani katika kuelekea kwa sindano, lakini kanuni hiyo haibadiliki. Isukume sindano mpaka juu kabisa ndipo ukaze skrubu.

Unapopitisha uzi wa juu, inua mguu wa cherehani. Ukiwa chini, zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi zimefungwa, na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia katikati. Nyuzi nyingi zinazorundikana chini ya kitambaa chanzo chake ni hiki.

Bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ikishakaa kwenye kikombe chake, ishike kwa uzi, ining'inie, uitikise kidogo. Inatakiwa iteremke kiasi na kusimama. Ikiteremka mfululizo imelegea, na isiposogea kabisa imebana mno.

Hatua ya 3: kitambaa cha majaribio

Hapa msifanye haraka. Juu weka uzi mwekundu, kwenye bobini weka wa buluu. Kunja marikani iwe tabaka mbili, urefu wa mshono uwe milimita 2.5, yaani mishono 4 katika sentimita 1. Shika ncha zote mbili za uzi nyuma ya mguu, shona sentimita kumi hivi, kisha geuza kitambaa usome.

Mshono mzuri nyuzi zake hukutana ndani ya kitambaa: juu unaona nyekundu tupu, chini buluu tupu. Ukiona vitone vyekundu chini, uzi wa juu umelegea na wa chini unauvuta. Ukiona vitone vya buluu juu, uzi wa juu umebana mno, au wa bobini umelegea. Kwa uzi wa rangi moja haya yote yamejificha, na ndiyo maana watu huhangaika na cherehani mwezi mzima wakidhani ni mbovu.

Kosa likionekana, fuata mpango huu na baada ya kila hatua shona tena. Kwanza toa uzi wa juu wote uupitishe upya, mguu ukiwa umeinuliwa. Haikutosha, weka sindano mpya. Bado, fungua bamba la chini, ondoa vumbi la pamba kwa brashi, utie tone la mafuta ya cherehani pale penye chuma kinachosugua chuma. Mafuta ya kula yasikaribie hapo, hugandamana na kuifanya cherehani nzito. Bado tena, ndipo uguse mkazo wa juu, kidogo kidogo. Skrubu ya bobini iwe ya mwisho kabisa, na usiizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja.

Andika kwa penseli kando ya kila mshono ulichobadilisha: "uzi upya", "sindano mpya", "mkazo umeongezwa". Kipande hicho kitunze. Siku utakapohamia kitambaa kizito au chepesi, utakuwa na pa kuanzia.

Hatua ya 4: kukata na kukunja

Usiifue kanga kabla ya kuipinda. Wanga wa dukani huifanya iwe ngumu kiasi na rahisi kukunjika, na ukingo uliokatwa ukifuliwa huchanguka. Tandaza doti, tafuta mahali pindo la kanga moja linapokutana na pindo la nyingine, chora kwa sabuni, kata.

Kunja upande mfupi kuelekea ndani nusu sentimita, piga pasi. Kunja tena nusu sentimita, piga pasi, shikiza kwa pini zilizolazwa kukatiza mkunjo ili uzichomoe kwa urahisi. Asiyejiamini na apige bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, ataitoa baadaye. Mkunjo usiwe mpana, utameza pindo. Kanga iliyomezwa pindo upande mmoja inaonekana hata ikiwa imevaliwa.

Hatua ya 5: kushona

Kanga inalala chini ya mguu upande wa ndani ukiwa juu, ili uuone mkunjo. Maana yake ni kwamba upande wa nje, utakaoonwa na watu, unatengenezwa na uzi wa bobini. Kwa hiyo uzi wa bobini lazima ulingane na rangi ya pindo. Ndiyo sababu ya kuhangaika na nyekundu na buluu.

Shona karibu na ukingo wa ndani wa mkunjo, milimita 2 hivi. Anza kwa kwenda mishono mitatu, rudi nyuma, endelea. Mwisho fanya vilevile. Kama cherehani yako hairudi nyuma, acha nyuzi ndefu uzifunge fundo. Pini zitoe kabla hazijafika kwenye sindano. Mwisho piga pasi, uangalie upande wa nje kwenye mwanga wa dirisha.

Maswali ya wanaojifunza

Swali: Fundi, yangu inaruka mishono. Inashona vizuri, mara inaacha sentimita nzima. Nimekaza na kulegeza uzi, wapi.

Jibu: Dada, mkazo uache. Kuruka mishono mara nyingi ni sindano: imepinda, imekuwa butu, haikuingia mpaka juu, au imewekwa kinyume. Ilaze sindano kwenye kioo, ukiona mwanga hauko sawa chini yake kutoka shina mpaka ncha, imepinda. Weka mpya, shona marikani, halafu uniambie.

Swali: Hapa kwetu Mombasa leso, yaani kanga, twazichana kwa mkono, hatukati. Ni sawa?

Jibu: Kuchana hufuata uzi wa kitambaa, kwa hiyo ukingo unanyooka kuliko wa mkasi. Tatizo ni kwamba chapa mara nyingine imelala upande kidogo na haifuati uzi. Ukichana hapo, pindo litakuwa nene mwanzo na jembamba mwisho. Tazama kwanza. Chapa ikiwa imenyooka na uzi, chaneni tu. Ikiwa imelala, fuateni chapa kwa mkasi.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi sina cherehani, ninayo sindano ya mkono tu. Nisubiri?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usisubiri hata siku moja. Hatua ya nne ni ileile, tofauti iko kwenye kushona. Kata uzi usiozidi sentimita 50, mrefu kuliko hapo hujisokota na kuchakaa. Shika nyuzi moja au mbili tu za kitambaa cha nje, kisha ingia kwenye ukingo wa mkunjo, sogea nusu sentimita, rudia. Usivute ukakaza, kitambaa kitajikunyata. Kila baada ya urefu wa kiganja piga mshono mmoja wa kurudi nyuma ili uzi ukikatika mkunjo wote usifumuke.

Swali: Yangu ni ya umeme. Nikigusa tu kanyagio inakimbia, mshono unakuwa kama njia ya nyoka.

Jibu: Vua viatu, kanyaga kwa vidole huku kisigino kimekaa sakafuni. Kama ina kitufe cha kupunguza mwendo, kiweke chini kabisa. Rudi kwenye karatasi ya daftari bila uzi mpaka uweze kushona mshono mmoja ukasimama. Mishono mitatu ya kwanza na ya mwisho izungushe gurudumu kwa mkono.

Swali: Nimepinda doti mbili na mama amezikubali. Nishone nini sasa?

Jibu: Hongera sana. Shona foronya. Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75, chukua kitambaa cha pamba mita 1.7 chenye upana wa mita 1.1, kigawe katikati kwa urefu, utapata foronya mbili. Pinda ncha mbili fupi kama ulivyopinda kanga, ila mkunjo wa pili uwe sentimita moja na nusu. Kunja kitambaa nje kwa nje kipande cha sentimita 75, kisha ile sehemu fupi inayobaki ikunje ifunike mdomo. Shona pande mbili ndefu, sentimita moja kutoka ukingoni, geuza. Kingo za ndani zipige zigizaga kama cherehani yako inayo. Kama haina, pita mshono wa pili kando ya ule wa kwanza.