Bunduki na risasi ya kuwindia elki kwa mbali: anza na umbali, jina la risasi litafuata

Wakuu, kila ikifika mwezi wa nane watu wetu walioko Colorado, Idaho na Montana wanaanza kuulizana ninunue bunduki gani ya kuwindia elki, na majibu yanayokuja ni majina matupu ya risasi, huyu anasema chukua .300, yule anasema 7mm, mwingine anakwambia ya baba mkwe wake ni .30-06 na imemtosha miaka yote. Wote wanaweza kuwa sahihi kabisa. Tatizo hakuna aliyekuuliza unataka kupiga umbali gani, na bila hilo jibu unanunua kwa kubahatisha.

Kwa ambaye hajawahi kumwona, elki ni mnyama wa milima ya Rocky, dume anafika kilo 300 na zaidi, jike kama kilo 220, kwa hiyo mfikirie tandala dume mkubwa, ila huyu pembe zake ni za matawi na zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Ni mgumu. Mapafu na moyo vinakaa kwenye eneo la kama sentimita 35 hivi, mbele yake kuna mfupa wa bega ulio mnene, na akipigwa vibaya anateremka bondeni kwenye msitu mzito na unaweza usimwone tena, nyama yote inaoza huko. Mimi hilo linaniuma sana ndio maana nasisitiza vitu vingine humu mpaka utachoka.

Kwanza sheria, haraka haraka. Colorado risasi ya elki lazima iwe na kipenyo cha angalau inchi .24, kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, kiwe cha kutanuka na kisipungue greni 85 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), na kwenye yadi 100 (yadi ni pungufu kidogo ya mita) iwe na nguvu ya futi-pauni 1,000, hicho ni kipimo cha nguvu ya kugonga. Idaho wanakataa bunduki inayozidi pauni 16 ikiwa na darubini na mkanda wake, maana hawataki mtu aje na mzinga wa mashindano. Na wale mlioko Marekani kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya nchi hairuhusu umiliki bunduki wala risasi isipokuwa ukiangukia kwenye misamaha yake, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Mwenye green card hilo halimhusu. Usiende dukani kujaza fomu kabla hujajua uko upande gani, ukidanganya kwenye ile fomu ni kosa la jinai.

Haya, umbali. Watu wakisema mbali siku hizi utasikia yadi 800, yadi 1,000, video zimejaa. Mimi nasema mbali kwa elki ni yadi 300 mpaka 500 na hapo hapo mtu awe amefanya mazoezi kweli kweli. Sababu ni hii: chukua risasi nzuri ya kisasa inayotoka na spidi ya futi 3,000 kwa sekunde, mpaka ifike yadi 500 imetumia zaidi ya nusu sekunde. Nusu sekunde ni hatua moja ya elki. Umebonyeza akiwa amesimama anakula, risasi inafika ameshasogea, ile uliyolenga kwenye mapafu inaingia tumboni. Hakuna bunduki ya kutibu hilo hata uilipie dola elfu kumi. Alafu upepo, upepo wa maili 10 kwa saa ukipiga ubavuni unaisogeza risasi hiyo hiyo kama inchi 12 kwenye yadi 500, yaani ukiusoma vibaya umeshatoka nje ya mapafu. Boone and Crockett, ile klabu ya wawindaji iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, wenyewe wana msimamo wa kuikataa hii tabia ya kupiga mbali sana, na mimi niko nao.

Kwa hiyo fanya hivi kabla hujatoa hela. Azima bunduki ya rafiki, au panga muda kwenye renji, ule uwanja wa kulenga shabaha, weka bamba la chuma la inchi 10, kaa chini au lala huku mtutu umeuegemeza kwenye begi lako la mgongoni kama utakavyofanya mlimani, usitumie ile meza. Piga risasi ya kwanza tu, mtutu ukiwa baridi. Sogea nyuma, rudia siku nyingine. Pale ambapo risasi ya kwanza inaanza kukosa bamba, sogea karibu hatua nzima na huo ndio umbali wako. Ukikuta ni yadi 300, hongera, umeokoa hela nyingi sana kwa sababu karibu kila risasi nitakayoitaja hapa chini inatosha.

Sasa kichwa cha risasi, na hapa ndipo naomba ukae kidogo. Watu wanabishana kuhusu risasi kubwa na ndogo wakati kinachomuua mnyama ni kile kichwa kupenya na kutanuka ndani, na kutanuka kunategemea spidi inapofika, sio inapotoka. Vichwa vingi vya kuwindia vinahitaji kufika na kama futi 1,800 kwa sekunde ili vifunguke vizuri, vile vya shaba tupu kama vya kampuni ya Barnes vinapenda zaidi, nahesabu 2,000 ili nisiwe na wasiwasi, ingawa kila kiwanda kina namba zake kwa hiyo soma zao. Chini ya hapo kichwa kinapita kama sindano, kinatoboa tundu dogo, na mnyama anaenda kufia mbali. Wawindaji wengi wa elki wana kipimo kingine cha mdomo, kwamba risasi ibaki na futi-pauni 1,500 inapofika. Sio sheria ya fizikia ila inasaidia kukuzuia.

Weka namba hapo uone. Risasi ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 143 inatoka na futi 2,700 kwa sekunde, ikifika yadi 400 iko kama 2,150 na nguvu imeshashuka karibu na ule mstari wa 1,500. Kwa hiyo inaua elki, ndio, watu wanaua nayo kila mwaka, lakini mimi naiweka yadi 300 na mnyama awe amekugeuzia ubavu vizuri, sio zaidi. 7mm PRC ya greni 175 inatoka na 3,000, kwenye yadi 500 bado ina kama 2,300 na nguvu karibu 2,000. Hiyo tofauti ndio unayolipia. Namba zenyewe ni za hewa ya usawa wa bahari, kule juu mita 2,500 na kuendelea hewa ni nyepesi na risasi inashikilia spidi vizuri zaidi, ila usiitegemee hiyo kama ruhusa ya kusogea mbali.

.30-06 ni ya mwaka 1906 na bado nzima. Roosevelt huyo huyo aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda kwetu, kati ya bunduki zake kulikuwa na Springfield ya .30 aliyotengenezewa kitako cha kumfaa. Ukiwa nayo ya urithi na ukaitilia kichwa cha kisasa cha greni 178 au 180, mpaka yadi 400 huna haja ya kununua kitu, tumia hela kwenye risasi za mazoezi. .270 Winchester nayo hivyo hivyo, ila mifereji ya ndani ya mitutu yake mingi, ile inayoizungusha risasi, inajipinda polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 10, kwa hiyo vile vichwa virefu vizito vya kukata upepo havitulii humo.

Kwa anayetaka kufika 500 kwa haki, chaguo langu ni 7mm. 7mm Remington Magnum ya 1962 ina risasi kila duka hata vile viduka vya mji mdogo wenye pampu mbili za mafuta, na hilo ni jambo kubwa kama ndege imepoteza begi lako. 7mm PRC ya 2022 imepangwa toka mwanzo kwa vichwa virefu, mifereji ya mtutu inazunguka mara moja kwa inchi 8, bei yake imechangamka kidogo. .300 Winchester Magnum ina nguvu zaidi na greni 200, hakuna anayebisha, lakini inapiga teke. Na .375 ambayo sisi tumezoea kuisikia kwa wawindaji wa nyati Tanzania iache huko huko, ni risasi ya karibu, kwa elki wa mbali inashuka mapema na bega litalia.

Hilo teke msilichukulie poa. Mtu anayeogopa bunduki yake anafumba macho na kuusukuma mtutu chini sekunde ile ile anabonyeza, na hajui. Mpe mwenzako achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kuona. Ukifika kwenye ile bandia, triga inalia tu "tik", na wewe ukiwa unaogopa utauona mtutu wenyewe umeinama kama umelipuka kweli. Kama umeinama, shuka risasi moja chini, kutoka .300 nenda 7mm, kutoka 7mm nenda .308 au 6.5 na ukubali umbali mfupi. Sailensa, kile kizuia mlio, inasaidia pia pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Mazo breki, kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachotoa gesi pembeni, inapunguza teke lakini kelele yake inaharibu masikio, na mlimani watu wanasahau kuvaa vizibo.

Bunduki yenyewe chukua ya bolti, ile unayovuta komeo kwa mkono kila risasi. Tikka T3x, Bergara B-14, Browning X-Bolt, Savage 110, zote zinakupa vitundu vilivyokusanyika ndani ya inchi moja kwa yadi 100 ukizilisha risasi zinazozipenda, na inchi moja hapo ni inchi tano kwenye 500, inatosha kwa elki. Uzito ndio mtihani, utaibeba siku nzima huku unahema, lakini ikiwa nyepesi mno inarukaruka mkononi na teke linaongezeka, kwa hiyo na darubini yake ikae kilo 3.6 mpaka 4.2. Mtutu inchi 24. Triga uiweke kwenye pauni mbili na nusu mpaka tatu, nyepesi zaidi ya hapo vidole vikiwa na baridi ni hatari.

Darubini usiibanie hela, bora bunduki ya dola 700 na darubini ya 900 kuliko kinyume chake. 3-15 au 4-16, yaani ya kukuza mara 3 mpaka 15 au mara 4 mpaka 16, inatosha, iwe na kitasa cha kuzungusha kinachorudi sifuri kweli, sifuri ni ule umbali ambao risasi inatua pale pale unapolenga. Ukiweka sifuri yadi 200, ile 7mm PRC inashuka karibu inchi 35 kwenye 500, huwezi kukisia hewani, lazima uzungushe na lazima uwe na kipima umbali cha leza. Ipime darubini kabla ya msimu: zungusha juu, piga, rudisha, piga, uone kama vitundu vinarudi palepale.

Mwisho risasi. Nunua aina mbili tatu boksi moja moja, jaribu ipi bunduki yako inaikubali, kisha rudi ununue boksi za kutosha zenye namba moja ya loti, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani, maana loti ikibadilika spidi nayo inabadilika na sifuri inahama. Na ukifika kambini, kabla ya siku ya kufungua msimu, piga tatu kuthibitisha, safari ya gari kwenye barabara ya mawe inatosha kuisogeza darubini.