SOMO: Kabla hujabonyeza "Nakubali" kwenye programu ya mkopo

Kila siku naulizwa "hii programu ni salama?" Naandika mara moja, msome hapa.

1. Tafuta sera ya faragha, yaani maelezo ya taarifa zako wanazochukua na wanavyozitumia. Haina? Achana nayo.

2. Angalia kama inataja jina la kampuni na mahali ilipo. Kisha hakiki leseni yake Benki Kuu ya Tanzania.

3. Ruka maneno ya utangulizi. Nenda wanapotaja taarifa wanazochukua na wanaowapa. "Washirika wetu" bila kuwataja ni wa kuogopwa.

4. Ruhusa za simu. Hapa niliungua. Nilikopa mtaji wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nikaruhusu programu isome majina yote kwenye simu. Nilichelewesha rejesho siku mbili tu. Wateja wangu wa Igoma, hadi mama mkwe Ukerewe, wakatumiwa ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Mteja mmoja hajarudi mpaka leo. Nikaifuta programu, nikidhani yameisha. Kumbe majina yalishabebwa, yako kwao! Kwa hiyo fuata mpangilio huu: zima ruhusa ya majina, picha na ujumbe, omba kwa maandishi wafute akaunti na taarifa zako, NDIPO uondoe programu.

5. Piga picha ya skrini ya sera. Huwa wanaibadilisha.

MASWALI

Mdau wa Buhongwa: Sijasoma yote mkuu, nipe kwa kifupi.
Jibu: Hatua ni tano, ndugu. Zisome.

Mdau wa Nyegezi: Mbona unatutisha, wengine tumekopa na hatujapata shida?
Jibu: Sijamtisha mtu. Nimeeleza yaliyonikuta.

Dada wa Ilemela: Zahanati wakiandika taarifa zangu kwenye daftari, sheria ya kulinda taarifa za watu inawahusu?
Jibu: Umeuliza vizuri sana, dada. Inawahusu, hata kama hawana kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Una haki ya kujua wanachukua kwa kazi gani, kuona walichoandika na kudai kisahihishwe. Habari za afya ni taarifa nyeti, ulinzi wake ni mkubwa zaidi. Wakikugomea, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ukiwa na simu mkononi, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA (kitambulisho cha taifa).

Dada wa Ilemela: Asante kaka. Nimepiga, kuna moja siijui.
Jibu: Nenda leo duka la mtandao huo na kitambulisho chako, waifunge.