Kupanga bei na malipo kwenye tovuti ya duka la zabibu

Anza na kipimo kabla ya bei, kwa sababu mteja wa Dar es Salaam anayeagiza zabibu za Dodoma halioni kasha lako. Andika “kasha la kilo 5”, kisha bei kamili kwa shilingi, na nauli ya basi litakalompelekea mzigo uiweke katika mstari wake peke yake. Gharama inayojitokeza mwishoni humkimbiza mnunuzi, nami naona ana haki ya kuondoka.

Kwa malipo, weka Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, pamoja na jina la biashara litakalotokea kwenye simu ya mteja, maana jina lisilofanana humtia mtu shaka. Halafu jinunulie mwenyewe kilo moja, usubiri ujumbe wa muamala, na uhakikishe oda imebadilika kuwa “imelipwa” kabla hujalifungua duka kwa wateja.