Keki Imeiva au Bado? Namna ya Kujua, na la Kufanya Ikitoka Mbichi

Anayeoka Nairobi anaijua keki hii: imepanda vizuri, juu ina rangi ya dhahabu, nyumba nzima inanukia vanila. Unaitoa, unaigeuza juu ya waya, na kabla haijapoa katikati pamebonyea. Ukiikata, kisu kinatoka na uji. Mwenye oda yuko njiani, mishumaa ameshanunua.

Mimi naoka keki za oda, na wanaoanza kazi hii hawaniulizi sana kuhusu mapambo. Wanauliza: nitajuaje imeiva? Ninawajibu hivi: usiulize juu, uliza katikati. Rangi, harufu na saa hukuambia wakati wa kuanza kupima umefika, basi. Na katika mji huu tofauti kati ya juu na katikati ni kubwa kuliko resipe nyingi zinavyodhani, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Zingatia mwinuko wa mji

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mitaa kadhaa iko juu zaidi ya hapo. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Keki inaguswa na jambo hilo mara mbili.

Kwanza, hewa ikiwa nyepesi, gesi inayotoka kwenye beking pauda hutanuka upesi. Keki inapanda haraka kabla mayai na unga havijashika, na ukiitoa wakati huo haina cha kuishikilia, inanywea. Pili, ndani ya keki bado mna maji, na maji hayo hayawezi kupata moto kupita kiwango chake cha kuchemka. Resipe za ng'ambo husema ingiza kipimajoto katikati, kikisoma 97 hadi 99 imeiva. Ukizifuata hapa utangoja namba isiyokuja, huku keki inakauka pembeni. Mimi keki za siagi nazitoa kwenye oveni kipimajoto kikisoma kati ya 91 na 93.

Kama resipe yako iliandikwa kwa ajili ya pwani au ng'ambo, punguza beking pauda kwa kama robo, ongeza vijiko viwili vya maziwa, na upandishe joto la oveni kwa nyuzi 10 ili keki ishike mapema. Resipe uliyopewa na mtu anayeoka papa hapa mjini huwa imesharekebishwa kwa mazoea, iache ilivyo. Na kwa sababu hiyo hiyo mimi hutumia unga wa ngano wa kawaida. Unga uliotiwa beking pauda kiwandani huwezi kuupunguzia kitu.

Hatua ya 2: Joto na muda

Washa oveni dakika 15 hadi 20 kabla ya keki kuingia. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe usiziamini mpaka umezihakikisha. Nunua kipimajoto cha oveni, kining'inize kwenye waya wa katikati, ulinganishe. Majiko ya gesi yenye oveni chini mara nyingi yana moto wa upande mmoja tu, wa chini, na nyuma huwa kali kuliko mbele. Ukifika robo tatu ya muda, geuza chombo kwa upole. Kabla ya hapo usifungue mlango. Baridi ikiingia wakati keki bado ni laini, inanywea.

Mtungi wa gesi nao uupime kwa kuuinua kabla ya kuanza. Mwezi wa Julai, baridi ikibana na mtungi ukikaribia kuisha, moto hupungua polepole bila wewe kujua, na keki ya dakika 50 inafika saa nzima bado ni uji. Wanaotumia stima, ikipotea katikati ya kazi msifungue mlango. Oveni hushika joto kwa muda. Stima ikirudi mapema, endelea, halafu amini kijiti, usiamini saa.

Keki ya kilo moja kwenye chombo cha duara cha inchi 8, kwa nyuzi 170, anza kuipima dakika ya 40. Nyingi zitaiva kati ya hapo na dakika ya 55. Keki ndogo za vikombe zianze kupimwa dakika ya 17 au 18. Chombo kirefu na chembamba kinahitaji joto la chini kidogo na muda mrefu, la sivyo juu kutaungua kabla ya katikati kupata habari. Usijaze chombo kupita nusu. Hapa keki hupanda sana.

Hatua ya 3: Pima katikati

Anza na macho. Keki iliyoiva huachana kidogo na kuta za chombo. Juu hakung'ai tena kama pameloa. Keki ya chokoleti au ya sukari guru haikuambii lolote kwa rangi, kwa hiyo pembeni ndipo pa kuangalia. Sukuma chombo kidogo: katikati pakitikisika, usidunge chochote, funga mlango ungoje dakika kumi.

Pasipotikisika, bonyeza katikati taratibu kwa ncha ya kidole. Iliyoiva inarudi juu. Iliyobaki na alama ya kidole bado. Tega na sikio: keki mbichi huchemka kwa sauti nzito ya mapovu, na ikiiva sauti hiyo hupungua ikawa kama mnong'ono.

Sasa kijiti. Kijiti cha meno ni kifupi mno kwa keki ya kilo mbili; hakifiki pale penye matatizo. Tumia kijiti cha mishikaki, kikavu na kisafi. Dunga katikati kabisa mpaka karibu na chini, ngoja kidogo, chomoa moja kwa moja. Kisha kisogeze kwenye mwanga ukitazame vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Kama kuna kitu kinachong'aa, sugua kati ya vidole viwili. Kikipakaa kama uji, keki ni mbichi. Kama zimeshika chembe mbili tatu laini ambazo ukizisugua zinakuwa kidonge kidogo na vidole vinabaki safi, keki iko tayari, itoe sasa. Kijiti kikitoka kikavu kabisa kama kilivyoingia, keki ya vanila imeiva na ya chokoleti imeshaanza kukauka.

Dunga mara ya pili, vidole viwili kutoka pale pa kwanza. Ganda la juu linaweza kukipangusa kijiti kikitoka, ukadhani kiko safi. Na kwenye keki ya ndizi huenda umedunga kipande cha ndizi, au tone la chokoleti iliyoyeyuka. Unyevu wake si ubichi.

Ukiwa na kipimajoto cha sindano, kiingize katikati bila kugusa chini ya chombo. Kwa oda kubwa nakitegemea kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu keki ya kilo tatu ikirudi imebonyea hakuna muda wa kuoka nyingine.

Kwa jiko la mkaa

Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu ya mchanga, kifuniko, kisha unapalia makaa juu. Njia hii inatoa keki nzuri sana ukiweza moto wake. Makaa mengi yawe juu, chini yabaki machache, kwa sababu mchanga ukishapata moto hautoi nafasi ya kurekebisha. Pakinuka kuungua na juu bado ni kweupe, ondoa karibu makaa yote ya chini uache ya juu yafanye kazi. Kupima ni kule kule kwa kijiti, ila funua upande mmoja tu na haraka, na jivu lisiingie.

Hatua ya 4: Ikiwa mbichi na bado moto

Hapa ndipo unaweza kuiokoa vizuri. Keki ambayo haijapita dakika 15 nje ya oveni irudishe kwenye chombo chake, kama umeshaigeuza, na oveni iwe nyuzi 160 hadi 170. Juu kukiwa kumeshapata rangi, funika na karatasi ya foili bila kubana. Oka dakika 10, pima, kisha pima kila baada ya dakika 5. Usipandishe moto ukidhani utawahi. Moto mkali unapiga pembeni, na pembeni hapahitaji tena.

Itaiva, lakini shimo la katikati halitajaa. Nguvu ya beking pauda imeshatumika. Ikipoa, sawazisha juu kwa kisu cha meno, igeuze chini iwe juu, na uipambe hivyo. Keki ya namna hii ni nzito kidogo lakini imeiva, na unaweza kumpa mteja bila wasiwasi.

Hatua ya 5: Ikiwa imeshapoa

Ukigundua ubichi baada ya keki kupoa, kuirudisha nzima oveni hakusaidii sana. Pembeni patakuwa kaukau kabla joto halijafika katikati. Ikate kwanza, uone ubichi umefika wapi.

Ukiwa ni mduara mdogo katikati, kata duara lote litoke na kipande cha usalama kuzunguka. Unabaki na keki yenye tundu, na ukiijaza matunda na krimu ni keki ya heshima. Mpigie mwenye oda umwambie umebadilisha umbo. Wengi hukubali wakiambiwa mapema.

Ukiwa ni tabaka la chini au la katikati, kata keki nzima kwa upana katika matabaka, panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, uyaoke nyuzi 160 kwa dakika 8 hadi 12 mpaka yashike. Yapoze, yaunganishe kwa krimu nyingi au jamu, maana yatakuwa yamepoteza unyevu. Paka maji ya sukari yaliyochemshwa juu ya kila tabaka kabla ya krimu.

Ikiwa imeharibika kweli, tengeneza pudini siku hiyo hiyo. Katakata yote, sehemu mbichi pamoja na iliyoiva, pasua mayai mawili kwenye vikombe viwili vya maziwa, mimina juu, acha inywe dakika 10, kisha oka nyuzi 170 mpaka katikati ishike na kijiti kitoke bila uji. Ni tamu ikiwa moto. Lakini hiyo ni ya nyumbani, si ya oda.

Usilofanya ni kufunika ubichi kwa aisingi ukasema ni unyevu. Mayai mabichi yanaweza kuwa na salmonela, na unga nao, ambao watu husahau, haujapikwa popote kabla ya kufika kwako na unaweza kubeba bakteria. Keki hizi huliwa na watoto, kina mama wajawazito na wazee. Keki mbichi haitoki jikoni kwangu, hata kama nitalazimika kurudisha pesa.

Si kila unatounato ni ubichi

Wakati mwingine kijiti kimetoka safi, keki imeoka muda wote, na bado chini kuna mstari mzito wa rangi iliyokolea, unaonata. Kuirudisha oveni hakutauondoa. Huo unatokana na mchanganyiko: maziwa yamezidi, mayai yalitoka kwenye friji yakakata siagi, unga ulikorogwa mno, au beking pauda ni ya zamani. Beking pauda unaipima kwa kutia kijiko kimoja cha chai kwenye nusu kikombe cha maji ya moto. Isipotoa povu kwa nguvu papo hapo, itupe. Mayai yaache nje mpaka yapoteze ubaridi, na siagi ya Julai, ambayo hugoma kulainika, iweke karibu na jiko lililowashwa, si juu yake.

Kata ule mstari wa chini kwa uzi au kisu kirefu, na sehemu ya juu inabaki nzuri kwa kupamba. Makapi yake, kama yameiva, yakaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 mpaka yavunjike kwa sauti. Yakiwa makavu kabisa, yafunge kwenye kopo lisiloingiza hewa, uyanyunyize pembeni mwa keki inayofuata au juu ya maziwa lala.