Maziwa ya sukari, konfitire na fla ku mbabula: vile tunafanyaka Bukavu bila furu

Kama uko na mbabula moja, kasuroli mbili za mufuniko na zile bokali tupu za mayoneze zenye unakatalaka kutupa, uko na yote. Furu apana. Kama uko na gazi ni muzuri, kama hauna tutatumikisha makala. Leo tunafanya bintu bitatu: maziwa ya sukari, konfitire ya ananasi na marakuja, fla ya karamele (ile ya maziwa na mayayi yenye inaganda), kisha ku mwisho iko moja ya batoto yenye haiombe ata moto.

Lakini mbele ya kwenda ku soko ya Nyawera kununua matunda musikie hii moja, juu njo inaharibishaka konfitire za batu wengi apa kwetu. Resepi nyingi za ku intaneti baliziandika batu benye kuishi chini, karibu na bahari, kule maji inachemka ku digri 100. Sisi tuko juu, Ziwa Kivu yenyewe iko ku metre 1,460 na nyumba zetu zinapanda mulima kuliko ziwa, basi maji yetu inachemka ku 95 hivi. Resepi inakuambia upike konfitire mpaka digri 105, unafuata, asubuyi kijiko inakataa kuingia mu bokali. Apa konfitire inaiva ku 99 ao 100, ni kusema digri ine ao tano juu ya fasi maji yako inachemka. Na hesabu ya dakika nayo usiishike sana, juu makala ya leo haiwake kama ya jana. Angalia kasuroli, apana saa.

Hatua ya 1: bokali

Osha na sabuni, zipange mu kasuroli kubwa juu ya kitambaa zisigongane, maji izifunike yote, ichemke dakika 15. Kule chini banasema 10, sisi tunaongeza juu maji yetu haina moto kama yao. Zitoe, zigeuze juu ya kitambaa safi, zikauke zenyewe, usizipanguse na ile kitambaa ya sahani. Mufuniko wa kutu tupa.

Hatua ya 2: maziwa ya sukari

Litre 1 ya maziwa ya ngombe na sukari gramu 300. Kama muuzishaji aliongeza maji mu maziwa yake utakoroga mpaka usiku, kwa hiyo nunua kwa mama mwenye unamujua. Tumikisha kasuroli pana, ile nyembamba na ndefu inachelewesha. Weka maziwa na sukari pamoja, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, acha ipande mara moja, kisha punguza moto: toa makala kidogo, ile inabakia ifunike na majivu. Kutoka apo maziwa inaomba itembee paka pembeni pembeni, isichemke kwa nguvu, na wewe unapita na mwiko kila mara ukikwangua chini juu kama ikishika chini, ile harufu ya moto haitoke tena, ata uweke vanili yote ya duka.

Saa moja, saa moja na nusu, inategemea. Iko tayari wakati imeshuka chini ya nusu na ikibandika ku mwiko: pitisha kidole nyuma ya mwiko, kama njia ya kidole inabakia wazi, epua. Usingoje iwe nzito mu kasuroli, itakuwa nzito ikipoa. Chuja, mimina mu bokali. Batu bamoja banawekaka bikarbonati, kidogo tu ku ncha ya kijiko, mwanzoni kabisa. Inasaidia maziwa isikatike lakini rangi inaenda ku kahawia na ladha inafanana karamele. Mi napenda vile, kama unataka nyeupe usiweke.

Hauna maziwa ya ngombe? Kikombe 1 ya maziwa ya poda, kikombe 1 ya sukari, nusu kikombe ya maji ya moto sana, bere kijiko moja, unapiga na fwete mpaka madonge inaisha. Ni haraka, inasaidia, lakini ulimi unajua tofauti.

Iyi haiko kama ile ya kopo ya duka yenye inakaa miezi. Mu frigo inakaa wiki moja. Kama kuran inakatika katika kwenu, pika nusu litre tu na mumalize kesho yake.

Hatua ya 3: konfitire ya ananasi na marakuja

Apa njo minapendaka kukaa. Ananasi ya Idjwi, kile kisanga ya mu Ziwa Kivu, ikiwa imeiva muzuri inanukia mpaka mu barabara, lakini ananasi peke yake haigande, haina ile pektini ya kutosha yenye inashikaka konfitire, ndiyo maana utaona batu banaongeza sukari, banaongeza tena, na inabakia siro. Dawa iko mu ganda ya marakuja yenye sisi wote tunatupaka.

Chukua ananasi kilo 1 ikiwa imeisha menywa na kukatwa bidogo bidogo, sukari gramu 700, marakuja 6 za ile ganda ya zambarau, ndimu 2. Changanya ananasi na sukari magaribi, funika, acha ilale. Asubuyi utakuta imetoa maji yake yenyewe, usiongeze maji ingine.

Marakuja uikate mbili, utoe ya ndani uiweke pembeni. Maganda chagua yenye haina doa, osha, chemsha mu maji mpaka ile nyama ya ndani ilainike, kama nusu saa. Chota ile nyama na kijiko, ganda ngumu ya inje tupa, nyama uiponde na kanya iwe laini. Iko na rangi ya zambarau ya muzuri sana. Mwaga mu ananasi pamoja na maji ya ndimu.

Sasa moto wa nguvu, apana ule wa maziwa. Konfitire inaomba ichemke haraka, ikikaa sana ku moto mudogo inapoteza rangi na harufu ya tunda. Kasuroli isipite nusu juu itapanda. Povu uitoe na kijiko, batoto bataikula na mukate. Utaona mapovu madogo madogo mengi, kisha inakuwa makubwa na mazito, inapasuka pole pole, apo anza kupima: sahani iliyolala mu frigo, ao iliyokaa mu maji ya baridi ukaipangusa, tone moja juu yake, ungoje dakika moja, usukume na kidole. Ikikunja ngozi, tayari. Ikikimbia kama maji, dakika tano ingine, na ukiwa unapima epua kasuroli, kwa sababu mi najua utasahau. Mbegu za marakuja na maji yake mwaga dakika za mwisho, ibakie na ukali yake.

Mimina ikiwa ya moto sana mu bokali ya moto, jaza mpaka karibu na mudomo, funga. Bokali ikifunguliwa iende mu frigo, na kijiko ya kuchota iwe kavu.

Hatua ya 4: fla

Mayayi 5, maziwa ya sukari kikombe 1, maziwa ya kawaida bikombe 2, vanili. Mbele fanya karamele mu bakuli ya chuma: sukari bijiko 8 bya kula, maji 2, usikoroge, zungusha bakuli tu na kitambaa mu mukono. Ikipata rangi ya chai ya rangi epua juu itaendelea kuiva yenyewe, na batoto bakae mbali, sukari ya moto inachoma kuliko maji.

Mayayi uichanganye pole pole bila kutia povu, ongeza maziwa zote, chuja, mimina juu ya karamele iliyogandamana. Funika bakuli na sahani. Kasuroli kubwa, kitambaa chini, bakuli ndani, maji ya moto mpaka nusu ya bakuli. Mufuniko wa kasuroli uufunge na kitambaa, mvuke isidondoke. Makala kidogo yenye majivu. Apa mulima unatusaidia: maji yetu haiwezi pita 95, inachoma mayayi polepole kuliko kule chini, lakini ikichemka kwa fujo fla itakuwa na matundu matundu kama kila mahali. Dakika 45 mpaka saa moja. Kisu pembeni inatoka safi, katikati inatetemeka bado: epua. Ipoe kabisa, ilale mu frigo, kesho pitisha kisu pembeni na uigeuze. Bila frigo, ipike asubuyi na muikule siku ile ile.

Ya haraka

Ponda biskuti mu gilasi. Kikombe 1 ya maziwa ya sukari changanya na bijiko 3 bya maji ya ndimu, ngoja dakika kumi, itakuwa nzito yenyewe, ukali ya ndimu njo inaishika. Biskuti, maziwa, konfitire, rudia tena. Na musiweke ananasi mbichi: iko na bromelaini, kitu yenye inakatakata protini ya maziwa, inafanya bikuwe bya uchungu na maji maji. Ile ya konfitire haina shida, moto iliisha kuiua. Tengeneza nusu saa mbele ya bageni kufika, biskuti zikunywe kidogo, ikipita apo inakuwa uji.