Kuchekesha kwa vita jukwaani: jinsi ya kuandaa tamthilia ya nyimbo katika ukumbi wa chuo, Iringa na Mbeya

Tamthilia ya vichekesho vya vita huangushwa na gwaride bovu kabla haijaangushwa na kitu kingine chochote. Mtazamaji wa Nyanda za Juu Kusini analijua gwaride. Ameona mgambo, ameona skauti, na wengi wa wanafunzi wanaokaa viti vya nyuma wamepita JKT. Askari saba wakigeuka kushoto kwa mguu mmoja na wa nane akageuka kulia, ukumbi utacheka. Wakigeuka wanne huku na wanne kule, ukumbi utasema hamkufanya mazoezi, na utakuwa umesema kweli. Kwa hiyo panga kazi hivi: kwanza nidhamu kamili, kisha kosa moja, la mtu mmoja, lililopangwa hadi sekunde yake.

Jipe wiki kumi, mazoezi mara nne kwa wiki, saa mbili na nusu kila mara. Waigizaji 18 wanatosha: kikosi cha askari wanane, shaushi (sajini) wao, wapagazi wanne, maofisa wawili, na watatu wa kubadilisha nafasi. Wapiga muziki watano wakae pembeni ya jukwaa wanakoonekana. Onyesho lisizidi dakika 90, kwa sababu viti vya kumbi zetu ni vigumu na usiku wa Juni ni baridi.

Andiko

Mfano unaojulikana zaidi wa aina hii ni "Oh, What a Lovely War", iliyotolewa mwaka 1963 na kikundi cha Theatre Workshop chini ya Joan Littlewood, mashariki mwa London. Waigizaji walivaa nguo za wachekeshaji wa jukwaani (pierrot), kisha kofia na mikanda ya kijeshi juu yake, huku idadi ya waliokufa ikipita kwenye ubao wa taa juu ya vichwa vyao. Hilo la kuazima ni hesabu: wimbo uchekeshe, namba iwe ya kweli, na mwigizaji asiitazame ile namba. Mkitaka kuigiza andiko lenyewe, ombeni leseni kwa wenye haki muhula mmoja kabla. Kulitafsiri kwa Kiswahili kunataka ruhusa ya pekee kwa maandishi, na wengi hulisahau hili mpaka bango limeshachapwa.

Njia ya pili, na ndiyo tunayoipendelea, ni kutunga la kwenu kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, maana ilipita hapahapa. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Iringa mwaka 1916. Mwaka 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alirudi kutoka Msumbiji, akapita Songea na Ubena, akavuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Ulaya bunduki zilinyamaza Novemba 11. Yeye aliipata habari tarehe 13, karibu na Kasama, kwenye ujumbe wa adui uliokamatwa njiani. Alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25. Tarishi mwenye barua inayosema vita vimekwisha, anayekamatwa na watu wanaoendelea kupigana: hapo mna kichekesho cha dakika 15 bila kubuni kitu.

Muziki nao upo. Ngoma ya beni ilianza pwani kwa kuiga na kukejeli bendi za kijeshi, ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa vita hivyo, ikiwa na vikundi vya Marini na Arinoti na vyeo vya kujipachika hadi Kaiser. Kandokando ya Ziwa Nyasa kuna ngoma ya mganda, yenye safu za gwaride, kaptula nyeupe na vibuyu vya kupuliza. Wazee wetu walishaandika sehemu kubwa ya kazi hii.

Tahadhari moja katika utunzi: mcheke amri, mcheke karatasi na cheo, msimcheke mpagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa, na jina la Kariakoo limebaki kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mpagazi awe ndiye mwerevu wa mchezo, anayeelewa amri kabla ya aliyeitoa. Utani wa makabila uende kwa wanaotaniana kweli. Lafudhi ya Mkinga au Mnyakyusa ikiigwa na asiyeijua hukera tu.

Gwaride kwenye jukwaa dogo

Hapa ndipo hesabu huwaumbua wengi. Jukwaa la kawaida la ukumbi wa chuo lina upana wa mita nane hivi. Hatua ya gwaride ni sentimita 75, kwa hiyo kikosi kinamaliza jukwaa kwa hatua 11. Kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hizo ni sekunde tano na nusu. Ubeti wa mapigo 32 unachukua sekunde 16. Yaani askari wameshafika ukutani, na karibu theluthi mbili za ubeti bado hazijaimbwa.

Dawa zipo tatu. Ya kwanza, wapige mguu palepale mapigo manane mwanzoni na manane mwishoni. Ya pili, hatua fupi ya sentimita 40, ambayo yenyewe inachekesha shaushi akiwa anapaza sauti kama yuko uwanja mkubwa. Ya tatu, kona: wafike ukingoni, shaushi asahau kusema "nyuma geuka", nao waendelee kukanyaga wakiwa wameelekea ukutani. Msitumie zote tatu katika wimbo mmoja.

Mwalimu wa gwaride atafutwe miongoni mwa wanafunzi waliotoka JKT. Wiki mbili za kwanza asifundishe mtu kichekesho chochote. Anza na hatua 90 kwa dakika bila kuimba, pandisha hadi 120, kisha ongeza wimbo. Mwigizaji anayeimba huku anatembea hupotea kwenye kiitikio, kwa kuwa hapo ndipo pumzi hukatika. Weka pumzi zote kwenye mguu wa kushoto na uziandike kwenye andiko. Wiki ya tatu ndipo umteue yule wa nane. Naye awe mwenye gwaride zuri kuliko wote. Mwenye gwaride bovu atakosea kila usiku mahali tofauti, na kosa lisilotulia halichekeshi.

Bunduki za paini

Mbao za paini kutoka Mufindi ni za bei nafuu na laini kukata. Chukua ubao wa inchi moja kwa sita, urefu futi 12. Bunduki ya jukwaani iwe na urefu wa mita 1.2, kitako sentimita 10, mdomo sentimita nne. Ukizichora mbili zikiwa zimepishana, kitako cha moja kwenye mdomo wa nyingine, ubao mmoja unatoa sita. Kwa askari wanane nunua mbao mbili: nane za kutumia, nne za akiba, maana paini hupasuka penye fundo ikidondoshwa. Kagua mafundo kabla ya kuchora, yasiangukie shingo ya kitako.

Tatizo la bunduki hizi ni wepesi. Ina uzito wa kilo moja tu, na mwigizaji huipunga kama mwiko. Chonga mfereji upande wa chini, laza kipande cha nondo ya milimita 16 chenye urefu wa sentimita 60, kifunge kwa waya wa kufungia nondo, ziba kwa gundi na unga wa mbao, piga msasa, paka rangi. Sasa inakaribia kilo mbili, na mabega yenyewe yataonyesha kwamba ni silaha.

Askari wengi wa upande wa Wajerumani walipewa bunduki za zamani zilizotoa wingu la moshi na kuwafichua walipojificha. Hilo ni zawadi kwa mchekeshaji. Funga chupa laini ya plastiki yenye podari chini ya mtutu, toboa kifuniko, mwigizaji abonyeze. Usitumie unga wa ngano: vumbi la unga likikutana na mshumaa au chemli hulipuka kwa moto. Podari nayo hukausha koo, kwa hiyo itumike mara moja tu, mbele ya jukwaa, baada ya wimbo.

Mlio ufanywe nyuma ya pazia kwa mbao mbili za sentimita 60 zilizounganishwa kwa bawaba. Mpigaji amwone mfyatuaji kwa macho yake. Akisubiri kuambiwa na mtu mwingine, mlio utachelewa. Baruti na fataki ziacheni kabisa. Andikeni barua kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mapema kwamba kutakuwa na bunduki za mbao na milio, mkitaja tarehe na saa, sambamba na kibali cha onyesho kupitia afisa utamaduni.

Maleba

Nguo za madoadoa za kijeshi msiziguse, hata zikipatikana mitumbani kwa bei ya kutupa. JWTZ limekuwa likiwaonya raia wasivae nguo zinazofanana na sare zake, na jukwaa si kinga. Vita vya 1914–1918 havikuwa na madoadoa hata hivyo: tafuteni kaptula na mashati ya kaki, kwenye masoko ya Mwanjelwa (Mbeya) au Mlandege (Iringa), msijali yakitofautiana kidogo.

Vitambaa vya kuzungushia miguu ndivyo vinavyomfanya mtu aonekane askari wa zamani. Kila mguu unataka kipande cha upana wa sentimita 10 na urefu wa mita tatu. Mita tatu za kitambaa cha marekani cha upana wa sentimita 90 zinatoa vipande tisa. Askari wanane na shaushi wanahitaji 18, yaani mita sita. Nunua tisa. Fua kwanza kuondoa wanga wa kiwandani, la sivyo rangi haitashika. Chemsha robo kilo ya majani ya chai kwenye lita 12 za maji, chuja, tia gramu 200 za chumvi, loweka vipande vyote pamoja kwa saa moja ukivigeuza. Ukiloweka kwa mafungu, kila mguu utatoka na kaki yake.

Anza kuzungusha kwenye kifundo kwenda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, malizia chini ya goti kwa utepe na pini ya kufunga. Bila pini, kitambaa kitafunguka kwenye mzunguko wa tatu wa gwaride na kumwangusha anayefuata nyuma. Kuanguka huko kutachekesha, ila hakukupangwa, na goti litakalochubuka ni la kweli.

Ngoma, vibuyu na baridi

Ngoma ya ngozi hulegea usiku wa baridi, na Njombe kwenye ukungu ni mbaya zaidi. Iote jikoni nje ya ukumbi dakika 15 hadi 20 kabla ya kuanza, mita moja kutoka kwenye mkaa, ukiizungusha. Karibu zaidi ngozi hukakamaa na kupasuka. Iote tena wakati wa mapumziko. Kibuyu cha kupuliza hutoa mlio wa bendi kwa utando mwembamba unaoziba tundu. Kipande cha nailoni laini kilichovutwa vizuri kinafaa. Mate yakikusanyika, mlio hufa katikati ya wimbo, kwa hiyo kila mpulizaji awe na vibuyu viwili.

Ukumbi

Onyesho liwe kati ya mwishoni mwa Mei na Julai. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua juu ya bati haina mpinzani. Hakuna kipaza sauti kitakachoishinda.

Kuta za saruji hurudisha mwangwi, na kichekesho kisichosikika maneno ni kelele. Tundika mablanketi au mapazia mazito ukuta wa nyuma, halafu mweke mtu asiyelijua andiko mstari wa mwisho, mpe karatasi, aandike maneno ya wimbo anavyoyasikia. Akikosa zaidi ya neno moja kwenye kila mistari minne, punguza ngoma kabla ya kufikiria kuongeza vipaza sauti. Kumbuka pia kwamba ukumbi ukijaa watu wenye makoti, mwangwi hupungua wenyewe.

Taa nane za LED za wati 54 zinakula wati 432; ukiongeza muziki wa wati 600 hivi, jenereta ya kVA 2.5 inabeba bila kuhema. Taa nne tu za zamani za wati 500 zitaielemea. Jenereta ikae nje, mita 30, mbali na madirisha. Hata hivyo kuiwasha na kubadili laini huchukua nusu dakika au zaidi, na umeme haukatiki kwa adabu. Tungeni mapema kipande cha giza: shaushi anafoka "Zima taa, adui!", askari wanawasha tochi chini ya videvu, mpagazi anauliza nani mwenye kiberiti, kwaya inaimba kiitikio bila ala. Kifanyieni mazoezi kama kipande kingine chochote, na meneja wa jukwaa ndiye pekee mwenye amri ya kukianzisha kwa filimbi. Umeme usipokatika, msikiigize.

Kabla ya kila onyesho bunduki zihesabiwe zikitoka stoo na zihesabiwe zikirudi, kwa daftari na saini. Zisitembezwe mitaani kwa ajili ya matangazo, zisipigiwe picha stendi. Usiku wa mwisho nondo zitolewe, vitambaa vifuliwe kwa maji baridi, vibuyu vikaushwe kivulini vikiwa vimening'inizwa mdomo chini.